Maneno Ni Yale Yale, Shairi Si Lile

Naanza kwa kukiri kosa, asije mtu akadhani ninawasema wengine huku mikono yangu ni safi. Mimi ndiye niliyelinyoosha shairi la Mallarmé.

Tulikuwa mwaka wa pili, katika somo la fasihi linganishi. Kila kundi lilitakiwa kuchukua shairi moja la Kifaransa la karne ya kumi na tisa na kulilinganisha na shairi la Kiswahili. Kundi letu lilipangiwa Un coup de dés jamais n'abolira le hasard la Stéphane Mallarmé. Kwa kuwa nilikuwa na kompyuta, wenzangu wakanipa kazi ya kutayarisha nakala za darasa zima. Faili niliyotumiwa kwa simu ilinitisha: neno moja juu, matatu chini kabisa, herufi kubwa zimechanganyika na ndogo, zilizosimama na zilizolala, na weupe mwingi katikati. Ilikuwa na kurasa ishirini na kitu. Nikapiga hesabu ya faranga za fotokopi kwa watu arobaini, nikaona huu ni ufujaji. Basi nikayakusanya maneno yote, nikayapanga kuanzia kushoto mstari baada ya mstari, nikayapa herufi za ukubwa mmoja, na shairi zima likaingia kwenye karatasi moja, mbele na nyuma. Mahali fulani niliona maneno mawili yamejirudia bila sababu ya maana. Nikaamua ni kosa la mpiga chapa. Nikayafuta yale ya pili.

Darasa lilisoma, darasa likacheka. Mmoja wetu alisema bila shaka huyu bwana aliandika akiwa na homa. Mimi, kwa sauti ya mtu anayejua amefanya jambo, nilieleza kwamba nakala ya mwanzo ilikuwa na mpangilio mwingine. Jibu likatoka mbele ya darasa: "Mpangilio ni mapambo tu. Maneno ni yale yale." Tukaridhika. Mtihani ulipokuja na swali juu ya shairi hilo, nikaandika kurasa nne na kupata 14 kwa 20. Alama hizo kumi na nne ndizo zinazoniuma hadi leo, kwa maana nilizipata kwa kuchambua shairi ambalo Mallarmé hakuliandika.

Ninaandika kuipinga kauli ile ya maneno kuwa yale yale. Siipingi kwa kuwa aliyeitamka ni mtu mbaya. Ni mwalimu ninayemheshimu. Ninaipinga kwa kuwa sote tunaishi ndani yake. Tukitaja shairi tunataja jina la mshairi na jina la shairi, basi. Hatusemi tumelisoma katika toleo gani, nani alilihariri, mwaka gani, kutoka kwenye hati ipi. Tunachukulia kwamba toleo ni kikombe na shairi ni chai, na chai ni ile ile ukiinywa kwenye kikombe cha bati au cha kaure.

Kwa wenzetu wasiosoma Kifaransa, kichwa cha shairi kina maana ya kwamba kutupa dadu kamwe hakutaikomesha bahati nasibu. Hapo kwenye "kukomesha" nilikwama kwanza. Tafsiri yangu ya awali ilisema "hakutafuta bahati nasibu", nikikusudia kwamba tendo la kutupa dadu halitaifuta. Mwenzangu wa chumbani akasoma, akauliza: "Nani huyo ambaye hakuitafuta?" Tazameni. Herufi zile zile, kwa mfuatano ule ule, zimebeba "kutafuta" na "kufuta", na hakuna kitu ndani ya neno lenyewe kinachokuambia ushike lipi. Nafasi ndogo mahali panapofaa ingetosha kuamua. Nikacheka, kisha nikanyamaza, maana nilikumbuka weupe wote nilioufuta.

Wakati wa likizo ndipo nilipoona picha za kurasa za toleo la 1914, ambazo zinapatikana mtandaoni bila malipo. Nilizichapisha kwenye karatasi za kawaida, kurasa mbili mbili, nikazibandika ukutani juu ya kitanda changu. Jozi kumi na moja. Mwenzangu wa chumbani anasoma kilimo na hana habari na ushairi. Alikuwa amelala chali anakula karanga, akatazama ukuta kwa muda, akasema, "Bwana, mbona linateremka?"

Linateremka kweli. Katika shairi hili, kurasa mbili zinazotazamana ni uwanja mmoja. Mstari huanza ukurasa wa kushoto, ukavuka mshono wa kitabu na kuendelea kulia, mara nyingi ukishuka kama sitaha ya chombo kilichoinama. Na ni chombo kweli kilichomo: kuna dhoruba, kuna kuzama, kuna Bwana mwenye chombo anayeng'ang'ania dadu mkononi na kusita kuzitupa, kuna unyoya unaopepea juu ya maji. Karibu na mwisho, juu sana, huenda ikatokea kundinyota, lile la kaskazini. Ile sentensi ya kichwa imewekwa ndani ya shairi kwa herufi kubwa kuliko zote, imekatwa vipande vinne. Kipande cha kwanza kimesimama peke yake kwenye jozi ya kwanza, ukurasa wa kulia, huku wa kushoto ukiwa mweupe mtupu. Cha pili kipo jozi inayofuata. Halafu unangoja hadi jozi ya tano kukuta kitenzi, na hadi ya tisa kukuta neno la mwisho. Katikati ya vipande hivyo sentensi nyingine zinapita kwa herufi za ukubwa tofauti, kama watu wanaozungumza sokoni huku mmoja akipaza sauti kwa mbali, kila baada ya muda, neno moja. Ukimfuata huyo peke yake unapata sentensi kamili. Ukiwafuata wengine unapata habari nyingine. Kwenye karatasi yangu iliyonyooshwa, wote walikuwa wamepangwa foleni moja na kupewa sauti moja.

Na yale maneno mawili niliyoyafuta? Yako kwenye jozi ya sita. Yanaanza juu kabisa kushoto, na yanarudi chini kabisa kulia, kona kwa kona, na kati yake maneno mengine yanazunguka kama maji kwenye shimo. Ni mlango wa kuingilia na mlango wa kutokea. Mimi niliuziba mmoja nikidhani ni kosa la fundi. Mwanafalsafa wa Kifaransa Quentin Meillassoux alitoa kitabu mwaka 2011 akidai kwamba shairi limefungwa kwa hesabu, na kwamba ukihesabu maneno kabla ya sentensi ya mwisho unapata 707. Wengi hawakubaliani naye, na mimi sina elimu ya kuamua. Lakini najua kwamba nakala yangu haikuwa na 707. Kama hoja yake ingejadiliwa darasani kwetu, tungehesabu kwa bidii, tukamkuta mwongo, na mwongo angekuwa mimi.

Sasa turudi kwenye matoleo yenyewe, maana hapo ndipo kauli ya "yale yale" inapovunjika vipande.

Mallarmé hakuwa kijana mchezaji alipoandika shairi hili. Alizaliwa 1842, akafanya kazi miaka mingi kama mwalimu wa Kiingereza katika shule za sekondari, kazi ambayo kwa maelezo yote hakuifurahia. Shairi lilitoka mara ya kwanza Mei 1897 katika jarida la Cosmopolis, jarida lililochapisha maandishi kwa Kiingereza, Kifaransa na Kijerumani. Jarida lina umbo lake, wala halibadilishwi kwa ajili ya mshairi mmoja. Kwa hiyo shairi lilipangwa kwa ukurasa mmoja mmoja, si kwa jozi. Ule uwanja wa kurasa mbili haukuwepo. Juu yake likawekwa dibaji fupi ya kumwandaa msomaji, na mshairi mwenyewe akaianza kwa kusema angependa isisomwe, au ikisomwa isahauliwe. Nampenda kwa hilo. Ni kama mtu aliyelazimishwa kutoa hotuba kabla ya chakula.

Mwaka huo huo alianza kutengeneza toleo alilolitaka. Mfadhili alikuwa Ambroise Vollard, mfanyabiashara wa picha mjini Paris. Michoro ingechorwa na Odilon Redon. Kazi ya chapa ilikuwa kwa Firmin-Didot, na herufi zingekuwa za Didot, zile zenye mistari minene iliyosimama wima na mingine myembamba kama unywele. Ukurasa ungekuwa mkubwa, takriban sentimita 38 kwa 28, maana yake kitabu kikifunguliwa kinafunika karibu nusu ya meza yangu ya kusomea. Prufu zilitolewa, akazisahihisha, zikatolewa tena, akazisahihisha tena. Prufu kadhaa zimesalia zikiwa na mkono wake: sogeza neno hili, ongeza ukubwa huu, teremsha hapa. Tarehe 9 Septemba 1898 akafariki ghafla nyumbani kwake Valvins. Toleo halikutoka.

Fikirini juu ya jambo hilo. Mtu anayeona mpangilio ni mapambo hasahihishi prufu kwa kipimo cha mstari mmoja kwenda kushoto. Huyu alitumia miezi yake ya mwisho kubishana na wapiga chapa juu ya mahali neno linapokaa, wakati maneno yenyewe yalikuwa yamekwisha kuchapishwa katika Cosmopolis. Kama maneno ndiyo shairi, alikuwa anafanya nini?

Toleo la kitabu lilitoka Julai 1914, wiki chache kabla ya Vita Kuu, chini ya jina la Nouvelle Revue Française, kwa usimamizi wa mkwe wake, Dk. Edmond Bonniot. Hili ndilo toleo ambalo ulimwengu ulilijua kwa miongo mingi. Hili ndilo lililonifungua macho ukutani kwangu, nami sina kinywa cha kulitukana. Lakini lazima niseme ukweli wake. Jozi za kurasa zimerudishwa, naam. Ukubwa umepunguzwa. Michoro ya Redon haimo. Na herufi za Didot alizozichagua marehemu zimeachwa, zikawekwa Elzévir, herufi laini zenye mapinda, za mtindo wa zamani. Herufi zikibadilika, upana wa kila neno unabadilika, na ulinganifu kati ya neno la juu na la chini nao unahama. Baadaye, mwaka 1945, shairi likaingizwa katika mfululizo maarufu wa Pléiade, likabanwa ndani ya kurasa ndogo za kitabu cha kubeba mfukoni. Ni mnara uliopigwa picha ya pasipoti. Ilibidi kungoja hadi 1980 ndipo Mitsou Ronat na Tibor Papp wakatoa toleo lililojaribu kufuata zile prufu kwa ukubwa wake, na mwaka 2007 Françoise Morel akachapisha hati ya mkono na prufu zenyewe, ili kila mtu ajionee.

Kwa hiyo mtu akiniambia "nimesoma Un coup de dés", swali langu sasa ni moja: lipi? La jarida, la mkwe, la mfukoni, la prufu, au lile langu la fotokopi? Atakayesema ni lile lile amekiri kwamba hajalitazama.

Najua hoja zitakazoletwa dhidi yangu, maana nimezisikia bwenini na ukumbini. Yenye nguvu zaidi inatoka kwetu wenyewe, wanafunzi wa Kiswahili. Inasema hivi: ushairi ni sauti. Sisi tumelelewa kwenye utenzi na shairi la kuimbwa. Mzee asiyejua kusoma anaweza kuwa na beti mia tatu kifuani. Ukurasa ni nini kwake? Mbona basi tumsujudie Mfaransa na karatasi zake?

Hoja hii niliiogopa, nikaamua kuipima badala ya kuijibu kwa maneno. Ndugu wa babu yangu ni maalimu wa madrasa Buyenzi, mtaa wa Waswahili hapa Bujumbura. Nilichukua Utendi wa Mwana Kupona, ule wa 1858, katika herufi za Kilatini, nikaufanyia kile nilichomfanyia Mallarmé, tena kwa ukatili zaidi: niliondoa mwisho wa kila mstari na kila ubeti, nikauandika mfululizo kama barua ya benki. Nikampelekea. "Babu, naomba unisomee hii." Alivaa miwani, akaanza kusoma kama anasoma barua kweli. Alijikwaa mara moja. Kisha kidole chake kikaanza kugonga meza, na kufika ubeti wa tatu alikuwa anaimba, akipumua mahali pake, akishusha sauti kwenye kila kina cha bahari bila kukosea hata kimoja. Alipomaliza alinirudishia karatasi: "Mjukuu wangu, hii imeandikwa vibaya, lakini haidhuru."

Haidhuru! Neno hilo ndilo jibu. Utenzi haudhuriki kwa kunyooshwa kwa sababu umefungwa kwa ndani. Mizani minane, kina. Mizani minane, kina. Mizani minane, kina. Kisha kipande cha nne chenye kina kinachorudi ubeti hadi ubeti. Ukivunja mistari, sikio linaijenga upya. Ndiyo maana hati za zamani za herufi za Kiarabu aghalabu huandika ubeti mzima kwenye mstari mmoja, vipande vikitengwa kwa alama, na wahariri wa vitabu wakauweka katika mistari minne mifupi, na mwimbaji hakupotea popote. Shairi la Mallarmé halina mizani ya kudumu, halina vina vya kukuvuta kutoka kipande hadi kipande. Kazi ambayo kwetu inafanywa na kina, kwake inafanywa na mahali: neno hili linahusiana na lile kwa kuwa ukubwa wao ni mmoja, hata kama kati yao kuna kurasa sita. Kumwondolea mpangilio ni sawasawa na kuchukua utenzi na kubadilisha kila kina kwa neno lenye maana ileile lisilolingana kwa sauti. Je, tungesema mwalimu aliyefanya hivyo ametuletea utenzi ule ule? Tungemzomea hadi mlangoni.

Wala Mallarmé hakuidharau sauti. Katika dibaji ile aliyotaka isahauliwe, anaeleza kwamba anayependa kulisoma kwa sauti ataliona kama karatasi ya muziki: ukubwa wa herufi unaonyesha uzito wa kutamka, na neno kuwa juu au chini kwenye ukurasa kunaonyesha sauti kupanda au kushuka. Kwa hiyo hata yule anayetaka sauti tu, mimi nilimnyang'anya. Hata hivyo sauti peke yake haitoshi, na mwaka 1920 Paul Valéry, ambaye alikuwa kijana wa karibu na Mallarmé na alionyeshwa prufu naye, aliandika barua kwa jarida la Les Marges kupinga kikundi kilichotaka kulifanya shairi hili onyesho la sauti nyingi jukwaani. Nadhani Valéry alizidisha ukali. Ningependa kulisikia onyesho hilo. Lakini naelewa alichokuwa analinda.

Wapo wanaokuja kwa upande mwingine. Wanasema: wewe mwenyewe umeonyesha kwamba mshairi alikufa kabla ya toleo lake kutoka, basi toleo la kweli halipo, na kama halipo, yote ni sawa. Hapana. Nyumba ambayo fundi alikufa kabla ya kuiezeka bado ina msingi, na kuna tofauti kati ya anayejaribu kuiezeka kwa kufuata ramani na anayechukua matofali akajengee uzio. Ninakubali kwamba hata toleo bora la leo ni makadirio. Ninakubali pia kwamba wapo wahariri wanaojivunia "toleo la mwisho" kwa sauti ambayo prufu hazikuwapa, na hao nao wanastahili kuulizwa maswali. Kutokuwa na uhakika kamili kunatudai uangalifu zaidi, maana kila mhariri anaamua jambo, na sisi tuna haki ya kujua aliamua nini.

Yupo msanii wa Kibelgiji, Marcel Broodthaers, ambaye mwaka 1969 alifanya kinyume changu kabisa. Alichukua mpangilio wa toleo la 1914, akafunika kila mstari kwa utepe mweusi, mnene pale herufi zilipokuwa kubwa na mwembamba pale zilipokuwa ndogo. Katika kurasa hizo zilizofunikwa hakuna hata neno moja linalosomeka. Na bado, ukiviweka vitabu viwili kando kwa kando, unajua mara moja ni kitu gani unachokitazama. Yeye aliondoa maneno akaacha mahali; mimi niliacha maneno nikaondoa mahali. Niliwaonyesha wenzangu watatu picha za kurasa zake pamoja na fotokopi yangu ya zamani, nikauliza ipi iko karibu zaidi na karatasi zilizo ukutani. Wote walinyoosha mkono kwenye ile isiyo na maneno. Watatu si utafiti, najua. Lakini hakuna aliyesita.

Na sisi tunaosoma Kiswahili tungepaswa kuwa wa kwanza kulielewa hili. Tumefundishwa ugomvi wa miaka ya sabini hadi tumeukariri: Amri Abedi na sheria zake za 1954 upande mmoja, Kezilahabi na Kichomi cha 1974 upande mwingine, na swali la kama tungo isiyo na vina ni shairi. Tunajua kwamba mshairi anayeacha kina lazima afunge shairi lake kwa kitu kingine. Tunamsoma Kithaka wa Mberia, ambaye katika baadhi ya mashairi yake maneno yanapangwa yachore kitu kwenye ukurasa. Halafu tunapiga fotokopi na kunukuu mashairi huru kwenye tasnifu zetu kwa kuyabananisha katika aya moja ili kurasa zitoshe. Nimeona tasnifu iliyosifiwa yenye shairi la namna hiyo limenukuliwa kama sentensi ya kawaida, limekatwa na alama za mkwaju. Aliyeliandika ni rafiki yangu, nami nilimsaidia kuisahihisha, sikusema neno.

Kuhusu fedha sitajifanya sijui. Toleo la kifahari la Un coup de dés lingekula chakula changu cha mwezi, na maktaba zetu hazina hata lile la mfukoni. Ila umaskini haukunilazimisha kunyoosha. Umaskini ungenilazimisha kutoa nakala tano badala ya arobaini, watu wanane wakaizunguka moja. Kunyoosha nilinyoosha kwa kuwa niliamini yale yale ni yale yale, na hakuna aliyenifundisha kuuliza. Ninachodai hakigharimu faranga hata moja: kwenye kila shairi tunalopewa darasani, liwe la Mallarmé au la Muyaka, paandikwe limetoka toleo gani, na kama limepangwa upya, na nani. Mwanafunzi anayenukuu bila kutaja toleo apunguziwe alama, kama tunavyopunguziwa kwa kukosa tarehe. Na swali la mtihani juu ya shairi la aina hii lije pamoja na picha ya ukurasa, walau mmoja.

Mwalimu wangu nilimpelekea kurasa zile mwaka huu, zikiwa bado na gundi nyuma. Alizitandaza kwenye meza mbili za ofisi na nyingine sakafuni, akainama juu yake muda mrefu bila kusema, kisha akauliza kama jozi ya sita naweza kumwachia. Kwa hiyo seti niliyonayo sasa ina jozi kumi. Nitachapisha nyingine duka likifunguliwa, na anayetaka kuzitazama chumba changu kiko ghorofa ya pili, ila aje na karanga, maana mwenzangu anadai ukuta ni wa wawili.